Ndugu Hapigi Hodi

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Methali hii hutumiwa kumwonya mtu wa nje asijitie katika ugomvi wa watu wa damu moja, kwa kuwa wao watapatana na yeye atabaki na aibu yake. Chini ya onyo hilo kuna dai zito zaidi: kwamba ugomvi wa ndugu hauhitaji mwamuzi, muda wenyewe utautibu. Kwa familia inayolala chini ya paa moja huenda dai hilo likawa na ukweli. Likitumika kwa nchi mbili, lina hatari. Kenya na Tanzania zilianza kuitana ndugu kabla bendera zao hazijapanda mlingotini, na mara nyingi zimeacha magomvi yao yapoe yenyewe. Katika ugomvi mmoja kapu lilisubiri karibu miaka saba, tangu mpaka ulipofungwa Februari 1977 hadi ulipofunguliwa Novemba 1983. Ndani ya miaka hiyo hakuna aliyeacha kusema neno ndugu. Kwa hiyo inafaa kuuliza swali ambalo hotuba za ikulu hulipita haraka: nchi mbili zinazopakana zinadaiana nini kimaadili? Jibu la kawaida ni undugu. Hoja ya makala haya ni kwamba undugu, pamoja na utamu wake, ni msingi dhaifu wa mahusiano ya nchi, na kwamba tunao msingi mwingine wenye madai makali zaidi, ambao dini na desturi zetu zimeuchunga kwa karne nyingi: ujirani.

Tofauti ya hayo mawili inaonekana mlangoni. Ndugu hapigi hodi. Huingia, hufunua sufuria, huuliza kwa nini chumvi imezidi. Hakuna anayemwandikia deni, na akikosa huadhibiwa kwa kununiwa, kisha husamehewa bila yeyote kutaja alichokosa. Jirani husimama nje, akaita. Kati ya hodi yake na karibu ya mwenyeji pana nafasi ndogo ya kungoja, na nafasi hiyo imebeba maadili mazima: kwamba nyumba hii ina mwenyewe, kwamba anaweza kusema subiri, kwamba nimemjulisha kabla ya kumfikia, na kwamba yeye naye ana wajibu wa kunijibu. Jirani hatukumchagua, kama ambavyo hatukuchagua ndugu, lakini kati yetu naye kuna ukuta, na ukuta huo ndio unaotulazimisha kuwa na kanuni. Wanaodhani ujirani ni undugu uliopoa wamesahau kwamba kijijini mtu anayemdhulumu jirani yake hulaaniwa, ilhali anayemdhulumu ndugu yake huambiwa tu kwamba hayo ni mambo ya kifamilia.

Dini mbili kubwa za ukanda wetu zimeliona jambo hili waziwazi. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 36, Qurani inataja jirani aliye wa karibu kwa nasaba na jirani aliye mgeni, na inaamuru wote wawili watendewe wema. Maana yake ni kwamba haki ya jirani haitoki katika damu. Mtume Muhammad, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alieleza jinsi Jibrili alivyomhimiza kuhusu jirani hadi akadhani atampa fungu la urithi. Wahubiri hupenda kusisitiza uzito wa usia huo. Jambo linalopita bila kuonwa ni kwamba fungu lenyewe halikutolewa. Jirani alisogezwa hadi kizingitini mwa undugu, akaachwa pale, akiwa na haki zake kamili kama jirani. Hadithi nyingine inamkataza mtu kumzuia jirani yake asichomeke mti katika ukuta wake. Ukuta unabaki kuwa wa mwenyewe, ila haumruhusu kumfanyia choyo mwenzake katika jambo lisilomdhuru. Biblia nayo inaanza na mpaka: Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, inakataza kuhamisha alama ya shamba la jirani. Mithali 27 inamweka jirani wa karibu juu ya ndugu aliye mbali, na sura ya 25 inamwonya mtu asizidishe miguu katika nyumba ya jirani hadi akachokwa. Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alimleta Msamaria, mtu wa taifa lililopakana na Wayahudi na kugombana nao kwa vizazi. Msamaria yule hakumwita majeruhi ndugu. Alimfunga majeraha, akamlipia dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kwamba gharama itakayozidi ataifidia atakaporudi. Rehema yake ilikuwa na hesabu.

Wanafalsafa wamefika mahali palepale kwa njia nyingine. Aristotle, katika maandishi yake ya maadili, aligawa urafiki mafungu matatu: wa manufaa, wa kupendeza na wa wema. Urafiki wa miji na miji aliuweka katika fungu la manufaa, kisha akaongeza jambo lenye maana kubwa kwetu: malalamiko mengi huzuka katika urafiki wa manufaa, hasa pale ambapo masharti hayakutamkwa, mmoja akadhani ametoa zawadi na mwenzake akadhani amepewa mkopo. Wahenga wetu walilisema kwa maneno machache: mali bila daftari hupotea bila habari. Naye Immanuel Kant, katika kitabu chake kuhusu amani ya kudumu cha mwaka 1795, alisisitiza kwamba ukarimu kati ya mataifa ni suala la haki, wala hautokani na huruma. Mgeni ana haki ya kufika bila kutendewa kama adui, ingawa hana haki ya kudai akae kama mwana wa nyumba. Ukiwaweka wawili hawa pamoja na mafundisho ya dini, unapata madai manne ya ujirani: tambua mpaka, piga hodi kabla ya kutenda jambo litakalomgusa mwenzako, usimdhuru kwa kitu ambacho kukizuia hakukugharimu, na andika hesabu mkiwa na mtu wa kuisuluhisha.

Sasa tuipime historia kwa vipimo hivyo. Mwaka 1960 Julius Nyerere alikuwa tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi za Afrika Mashariki ziingie katika uhuru zikiwa shirikisho moja. Juni 1963 yeye, Jomo Kenyatta wa Kenya na Milton Obote wa Uganda walitangaza jijini Nairobi kwamba shirikisho litaundwa kabla ya mwaka kwisha. Halikuundwa. Mwaka 1966 kila nchi ilikuwa na benki kuu yake na sarafu yake. Yale yaliyotamkwa kwa lugha ya damu hayakuhimili swali la kwanza la kijirani: nani atakusanya kodi gani, na viwanda vitakaa wapi? Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1967 ulikuwa na busara zaidi kuliko hotuba zilizoutangulia. Makao makuu ya Jumuiya yaliwekwa Arusha, ya bandari Dar es Salaam, ya reli Nairobi, ya posta na simu Kampala. Kulikuwa na kodi maalumu ambayo nchi yenye viwanda vichache iliruhusiwa kuitoza bidhaa za jirani mwenye viwanda vingi, na benki ya maendeleo ya kusawazisha mizani. Daftari lilikuwepo. Aliyekosekana ni mwamuzi, kwa kuwa uamuzi wa mwisho ulikuwa mikononi mwa marais watatu waliotegemewa kukaa meza moja kama ndugu. Idi Amin alipompindua Obote Januari 1971, Nyerere alikataa kuketi naye, na kimaadili hakuna wa kumlaumu. Lakini tangu hapo meza ya marais haikukutana tena, na Jumuiya ikawa nyumba ambayo wazee wake hawasemezani.

Kilichofuata kati ya Kenya na Tanzania kina sura zote za ugomvi wa ndugu. Mmoja, Tanzania, alikuwa amechagua ujamaa wa Azimio la Arusha, mwingine soko huria, na kila mmoja alilichukua chaguo la mwenzake kama tusi. Upande mmoja ulisema jirani yake ni nyang'au, jamii ambamo mtu humla mtu. Upande wa pili ukajibu kwamba kwa mwenzake hakuna hata cha kula. Majirani hawatukanani hivyo, kwa sababu kila mmoja anajua kwamba mwenzake si kioo chake. Ndugu hutukanana hivyo kwa kuwa wanadaiana kufanana, ilhali methali imekwisha kusema kwamba undugu ni kufaana, si kufanana. Mapema mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilisimama likiwa limelemewa na madeni, Kenya ikaanzisha shirika lake, Tanzania ikafunga mpaka. Mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, alipewa kazi ya kugawa mali na madeni. Makubaliano yalitiwa saini Arusha Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Daftari likaandikwa baada ya nyumba kubomoka, tena na mtu aliyetoka bara jingine, huku wastaafu wa mashirika ya Jumuiya wakiendelea kudai mafao yao kwa miaka mingi. Jambo la kuangaliwa ni kwamba mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, pale hesabu ilipokubaliwa. Hakuna damu iliyoita damu. Tarakimu ziliita wino.

Mkataba wa sasa, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ulijifunza sehemu ya somo. Umoja wa Forodha ulianza 2005, Soko la Pamoja 2010, na kuna mahakama ya Jumuiya ambayo hata mkazi wa kawaida wa nchi mwanachama anaweza kuipelekea shauri. Huo ni ujirani wenye mwamuzi. Lakini tabia ya undugu haikufa. Mwaka 2006 mahakama hiyo ilipozuia wabunge walioteuliwa na Kenya wasiapishwe katika Bunge la Afrika Mashariki hadi shauri lisikilizwe, wakuu wa nchi hawakungoja miezi mingi. Waliurekebisha mkataba, wakaongeza ngazi ya rufaa na sababu za kumwondoa jaji. Ngazi ya rufaa ni jambo jema, ila wakati wake ulisema mengi. Ndugu walipoambiwa na mgeni kwamba wamekosea, waligeukia kiti chake. Na maamuzi ya juu ya Jumuiya bado hufanywa kwa wote kukubaliana, kanuni ambayo ni ya familia zaidi kuliko ya mtaa: anayelalamikiwa naye anangojewa aitikie kwa kichwa.

Matokeo yake yameonekana mpakani. Mwaka 2017 Kenya ilizuia gesi ya kupikia na unga wa ngano kutoka Tanzania. Tanzania nayo ikazuia maziwa kutoka Kenya, hadi mwezi Julai pande zote mbili zilipokubali kulegeza. Oktoba mwaka huohuo, vifaranga zaidi ya 6,000 vilivyoingizwa kupitia Namanga bila kibali vilichomwa moto na maofisa wa Tanzania waliosema wanahofia mafua ya ndege, na ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kimaasai waliovuka kutoka Kenya kutafuta malisho walipigwa mnada. Mei 2020, wakati wa korona, Kenya ilifunga mpaka kwa abiria na kuwataka madereva wa malori wapimwe. Malori yakapanga foleni pande zote mbili. Agosti Tanzania ilizuia ndege za Kenya baada ya kuona jina lake halimo katika orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hawangewekwa karantini. Mwanzoni mwa Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa sharti kwamba waagizaji wasajiliwe na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kiwango cha sumu kisichozidi kilichowekwa. Kisa hiki cha mwisho kinafundisha kuliko vyote. Sumukuvu ni hatari ya kweli, na nchi ina haki ya kulinda chakula cha watu wake. Lakini sharti lililomaliza mgogoro ndilo ambalo lingetangazwa tangu mwanzo kama barua ya hodi ingetangulia. Hasara yote iliyopatikana katikati, mahindi yakiwa juu ya malori, ilikuwa bei ya kuingia bila kubisha.

Kisha upepo ukageuka. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa Machi 2021, alikwenda Nairobi Mei mwaka huo, akahutubia mabunge yote mawili ya Kenya katika kikao cha pamoja. Yeye na Rais Uhuru Kenyatta waliwaagiza mawaziri wao kuviondoa vikwazo visivyo vya kiforodha kimoja baada ya kingine, na hati ya makubaliano ya bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa ikatiwa saini. Thamani ya bidhaa ambazo Kenya ilinunua Tanzania mwaka 2021 ilikuwa takriban maradufu ya ile ya 2020. Ingekuwa ulaghai kudai kwamba ziara moja ilifanya yote hayo. Mwaka 2020 ulikuwa wa korona, na Kenya ilikuwa na njaa ya mahindi. Hata hivyo barabara zilikuwa zilezile, mashamba yaleyale, faida ileile. Kilichobadilika ni namna ya kuendeana: orodha ya vikwazo iliyoandikwa, iliyohesabika, na maofisa wenye kuulizwa kila kikwazo kimefikia wapi. Wengi walikumbuka tabasamu za Nairobi. Mimi naamini orodha ndiyo iliyofanya kazi. Ushahidi ni kwamba tabasamu halikuzuia mgogoro wa Januari 2024, pale Tanzania ilipotangaza kusimamisha safari za abiria za Kenya Airways kwa kuwa Kenya ilikuwa imeinyima Air Tanzania haki ya kubeba shehena kutoka Nairobi hadi nchi nyingine. Mawaziri wa mambo ya nje walizungumza, na mambo yakamalizika kwa siku chache. Ni afadhali siku chache kuliko miaka saba, ila bado ulikuwa usuluhishi wa simu. Unategemea nani yuko upande wa pili na ameamkaje.

Msomaji atapinga kwanza kwamba ujirani ni neno baridi kwa watu ambao kweli ni ndugu. Mstari kati ya nchi hizi ulichorwa na Waingereza na Wajerumani katika makubaliano ya 1886 na 1890, ukampita Mmaasai katikati, ukamkata Mkuria kule Sirari na Isebania, ukamtenga Mdigo wa Lunga Lunga na wa Horohoro. Kuuita mpaka huo ukuta wa jirani, ataniambia, ni kubariki kalamu ya mkoloni. Pingamizi hili lina nguvu, na ukweli wake sitaukana: undugu wa watu hao ni halisi kuliko dola zote mbili. Lakini ndio maana haufai kuazimwa na dola. Mwaka 2017 serikali mbili zilizokuwa zikiitana ndugu hazikuweza kumlinda Mmaasai mmoja aliyefuata nyasi ng'ambo kama babu zake. Ambacho kingemlinda ni kanuni ya kijirani iliyoandikwa: msimu gani, njia gani, chanjo gani, faini kiasi gani, na ng'ombe warudishwe kwa nani. Nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka kati ya Serengeti na Maasai Mara kila mwaka, na nchi zote mbili zinajua kuwahesabu na kuwauza kwa watalii. Mfugaji anastahili angalau utaratibu ulio sawa na wa nyumbu. Nchi za Afrika zilikubali Cairo mwaka 1964 kuiheshimu mipaka zilizoirithi, si kwa kuipenda, ila kwa kuogopa damu ambayo kuihamisha kungeimwaga. Ukuta uliojengwa na mwizi bado unaweza kutobolewa mlango na wenye nyumba. Kujifanya haupo ndiko kunakowaacha watu wajigonge gizani.

Wa pili atapinga kutoka upande ulio kinyume: nchi hazina maadili, zina maslahi, na mahubiri ya jirani mwema ni ya misikitini na makanisani. Hapa nauliza maslahi hupimwa kwa muda gani. Mfanyabiashara akichoka na mteja humwacha, akatafuta mwingine. Nchi haihami. Mto Mara unaanzia msitu wa Mau nchini Kenya, unapita Serengeti, unaingia Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Anayekata miti juu anamkausha anayekunywa chini, na wote wawili watakuwepo karne ijayo. Ziwa Jipe na Ziwa Chala nazo zinanywewa pande mbili. Katika hali ya kukaa pamoja bila kikomo, ujanja wa leo hulipiwa kesho, na kwa riba. Kufungwa kwa mpaka mwaka 1977 kuliinyima Kenya soko la Tanzania pamoja na njia ya barabara kuelekea Zambia, kukainyima Tanzania bidhaa na watalii waliozoea kuingilia Nairobi. Zaidi ya hayo, dai kwamba dola haina maadili linaficha ni nani hulipa. Dola haina vifaranga, haina mahindi juu ya lori. Aliyekuwa navyo ni mtu mwenye mkopo. Kitendo kinachomwangukia mtu hakiwezi kuvuliwa swali la haki kwa sababu tu kimepigwa mhuri.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: mtawala ameapa kwa wananchi wake, na wajibu wake ni kwao kwanza. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo uwakala wa kutuma pesa kwa simu, ukarabati wa simu, saluni na kuongoza watalii. Wanaoiunga mkono wanauliza: ikiwa mgeni anafungua kibanda cha simu, kijana wa hapa afanye nini? Nchini Kenya wapo waliolalamika kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja imevunjwa, ilhali wachuuzi wa kigeni wamewahi kutishwa na wanasiasa jijini Nairobi pia. Ujirani haukatai kwamba wa nyumbani hutangulia. Neno kwanza lina maana tu pale ambapo kuna wa pili. Anayeanza na wanawe halafu asimfikirie jirani hata kidogo hajaanza, amemaliza. Na nchi iliyotia saini soko la pamoja imekwisha kutamka ni milango ipi haitafungwa bila mazungumzo. Ikiona mlango huo unamuumiza kijana wake, ina njia ya heshima: iwajulishe wenzake, itoe ushahidi wa madhara, iombe muda au marekebisho, na wale waliokwisha kuwekeza kwa kuamini saini wapewe nafasi ya kujipanga. Ulinzi wa raia unaopitia njia hiyo unadumu, kwa kuwa jirani hatalipiza. Usiopitia huko unamwacha raia huyohuyo akiwa mgeni asiye na ulinzi ng'ambo ya pili, mahali ambapo maelfu ya Watanzania na Wakenya wanachuma riziki.

Lipo pingamizi la nne, nalo ndilo linalonitaabisha. Ikiwa jirani ni mtu wa kungoja mlangoni, je, ujirani hautakuwa kisingizio cha kufumba macho kwa yanayotendeka ndani? Mei 2025 mwanasiasa na mwanasheria wa Kenya, Martha Karua, alirudishwa kutoka Dar es Salaam alikokwenda kufuatilia kesi ya uhaini ya mwanasiasa wa upinzani, Tundu Lissu, na hoja iliyosikika upande wa Tanzania ni kwamba wageni wasiingilie mambo ya ndani. Desturi ya ujirani ina jibu, na halimpendezi kila mtu. Jirani anayesikia yowe usiku akavuta shuka hana tena haki ya kuitwa jirani. Yowe lina sheria yake: ukilisikia, unatoka. Tanzania yenyewe ilitoka mwaka 2008. Kenya ilipokuwa ikiungua baada ya uchaguzi, rais mstaafu wa Tanzania, Benjamin Mkapa, aliketi katika jopo la usuluhishi la Kofi Annan pamoja na Graça Machel, na Rais Jakaya Kikwete, akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, alikuwepo Nairobi tarehe 28 Februari makubaliano yalipotiwa saini. Hakuna Mkenya mwenye akili aliyeita hilo uchokozi. Waliingia kwa hodi, wakasema waliyoyaona, wakaondoka wakiwaachia wenyewe nyumba yao. Kwa hiyo mpaka unamkataza jirani kutawala. Haumkatazi kusikia wala kuuliza. Mahakama ni mahali pa wazi, na jirani anayekuja kuketi kwenye benchi la nyuma hajavunja ukuta wa mtu. Nchi iliyowahi kuitika yowe la mwenzake haiwezi baadaye kudai kwamba masikio ya jirani ni hatia. Kanuni hiyo inaidai Kenya pia siku vijana wake watakapokuwa wao wanaolia.

Hapo ndipo ujirani unapojionyesha kuwa mgumu kuliko undugu. Undugu unawaruhusu wakuu kutendeana lolote kisha wakumbatiane, na kukumbatiana kwao kukahesabiwa kuwa suluhu. Ujirani unadai taarifa kabla ya amri, sababu inayoweza kupimwa, adhabu isiyozidi kosa, na mwamuzi ambaye hawezi kuondolewa kwa kuwa ametoa hukumu. Unadai hayo hata siku ambayo marais hawapendani, kwa sababu siku hiyo ndiyo uliyotungiwa. Hauwakatazi watu kupendana. Wanaopendana waendelee, waoane, wazikane. Unakataza tu upendo wa wakubwa uwe ndiyo sheria pekee inayomlinda mdogo.

Turudi kwenye methali. Imezoeleka kuisoma tukiwatazama ndugu wawili: wamegombana, sasa wamepatana, na sisi tunashusha pumzi. Lakini ndugu hao hawana shamba ndani ya methali. Wanagombana, wanapatana, basi. Anayeshika jembe na anayerudi na kapu ni mtu wa tatu, asiyetajwa jina, aliyekaa upande wa pili wa ua, akalima kwake bila kuvuka alama. Muda wote huo mavuno yalikuwa ya jirani.